Bangili ya bibi imeota baka jeupe, sasa naitwa mwizi

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Tanga na nakuomba jina langu lisitoke, maana nusu ya ukoo wetu husoma safu hii.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana. Miezi michache kabla, akiwa na akili zake timamu, aliniita chumbani akanikabidhi kopo la biskuti lenye vitu vyake vya dhahabu. Akaniambia, "Hii ni amana. Mdogo wako akiolewa avivae, kisha mgawane na watoto wa mama yako mdogo." Harusi ya mdogo wangu iko Mfungo Tatu, kwa hiyo muda wa kulifungua kopo umefika.

Ndani mna bangili mbili nene, pacha, hazina muhuri wala namba. Mna mkufu wenye sarafu ya Kiingereza, upande mmoja mfalme mwenye ndevu, upande mwingine mtu juu ya farasi, mwaka 1926 na juu ya mwaka herufi ndogo SA. Mna pete ya jiwe jekundu ambayo ndani yake pamechongwa nanga, namba 9 na .375. Na herini za kuning'inia zilizoandikwa R.G. kwenye ndoano. Vyote vilikuwa vimeviringishwa kwenye kitambaa cha sufu na kufungwa kwa mipira, kopo likakaa miaka ndani ya kabati ambalo bibi alikuwa akifukizia nguo zake udi.

Shangazi, vyote vimefubaa. Bangili zina rangi ya kahawia kama zimepakwa chai. Pete imekuwa nyeusi kwenye nakshi. Sarafu ina vidoa vyekundu. Herini zimeota ukijani na nilipozijaribu zilinichafua sikio.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike ni bangili moja. Nilianza kuivaa Iddi, nikaona raha, nikaendelea nayo. Baada ya muda mfupi ikatoka baka jeupe upande wa ndani, kisha likatambaa hadi ukingoni. Jeupe kabisa, rangi ya fedha. Nimelisugua kwa dawa ya meno na ndimu, halitoki. Nikaijaribu dawa hiyo hiyo kwa pacha wake, nikaishia kumtia mikwaruzo.

Kwenye hitima ya bibi mama mdogo akanishika mkono, akaitazama bangili, akasema mbele ya watu: "Hii ni fedha iliyochovywa. Za mama zilikuwa dhahabu tupu. Umeuza, umetuletea bandia." Sasa maneno hayo yako kwenye kundi la WhatsApp la familia na mjomba ameshauliza nimeziuza bei gani. Wallahi sijauza kitu. Mama yangu amenyamaza tu, na kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko maneno ya mama mdogo.

Jirani ananiambia nina jasho kali, dhahabu inanikataa. Mwingine anasema kuna vijana wanaopita mtaani na beseni, wanasafisha dhahabu kwa bei ndogo na inarudi kama mpya. Mimi sijabadilisha lolote katika maisha yangu ila losheni ya kutoa madoa ya mikono na uso niliyopewa na shoga yangu, na sidhani kama inahusika. Nina mtoto wa miezi saba ananyonya, usiku silali, na sasa nimeongezewa na hili.

Nifanye nini nisafishe vitu hivi, na nisafishe jina langu?

Mwenye Amana, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu dhahabu, lakini sentensi iliyonishtua ni ile ya losheni. Ndiyo inayohusika. Nitaanza nayo kabla ya bangili, kwa sababu bangili inaweza kungoja na mtoto anayenyonya hawezi.

Acha kuipaka leo. Losheni na krimu nyingi za kung'arisha ngozi na kutoa madoa, hasa zile za kuuziana kwa kujuana zisizo na maelezo ya kueleweka, hutiwa chumvi za zebaki, kwa kuwa zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Itafute chupa au kopo lake usome kila neno. Ukikuta "calomel", "mercurio", "mercury" au "mercurous chloride", jibu umelipata. Kuna ishara nyingine ambayo Shirika la Afya Duniani limewahi kuitaja: baadhi ya krimu hizo zina onyo kwamba zisigusane na dhahabu, fedha, alumini wala vito. Mtengenezaji anajua kitakachotokea kwenye bangili yako, na bado anakuuzia upake usoni. Na kama kopo halina maandishi yoyote, hiyo si dalili ya usalama.

Zebaki na dhahabu hupendana kupita kiasi. Zikigusana tu, zebaki inaingia kwenye uso wa dhahabu, zinashikana, na mahali pale panageuka peupe kama fedha. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya hutumia tabia hiyo hiyo kunasia punje za dhahabu ndani ya mchanga. Wewe umefanya kazi ile ile mkononi mwako bila kujua. Ndiyo maana baka lilianzia ndani, pale bangili inapogusana na ngozi iliyopakwa, kisha likatambaa kuelekea ukingoni. Na ndiyo maana dawa ya meno haikulitoa: si uchafu ulioketi juu, ni dhahabu yenyewe iliyoshikana na metali nyingine.

Sasa nenda hospitali. Mwambie daktari waziwazi kwamba umekuwa ukipaka krimu unayoishuku kuwa na zebaki, kwa muda gani, na kwamba unanyonyesha. Usimwambie "nina uchovu" ukamwacha abahatishe. Zebaki ya namna hii huingia kupitia ngozi, huchosha figo, hupita kwenye maziwa ya mama, na hubaki kwenye taulo, shuka na mito ambayo mtoto anailalia. Kipimo chake kwa kawaida ni cha mkojo. Usimwachishe mtoto ziwa kwa maneno ya gazeti, hilo muamue na daktari, lakini lifanye wiki hii. Losheni usiitupe jalalani wala usimrudishie shoga yako: ifunge ndani ya mifuko miwili, nenda nayo hospitali waione. Na yeye mwambie, kwa upole, maana huenda naye alipewa tu na mtu anayempenda. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana kati ya nchi na nchi vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja kwa milioni. Kuwa vimepigwa marufuku hakujavizuia kupita kwenye mikoba ya mashoga.

Bangili yenyewe ivue, itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iweke mbali na jikoni. Usiichome. Narudia, maana najua kuna atakayekushauri uipitishe motoni ili weupe utoke. Utatoka, ni kweli, lakini utatoka kama mvuke usiouona, na mvuke wa zebaki ndio mbaya kuliko zote kwa pafu na kwa ubongo wa mtoto. Kazi hiyo ni ya sonara mwenye sehemu ya kutolea moshi nje, na ni lazima umwambie mapema kuwa ni zebaki ili naye asijiue kwenye kibanda kilichofungwa. Akimaliza, mahali pale patabaki pamepauka na patahitaji kung'arishwa. Kama zebaki imezama sana bangili inaweza kuwa imedhoofika na kuvunjika kirahisi, atakuambia akiishika.

Tuje kwenye tuhuma. Mama yako mdogo hakusema upuuzi. Bangili ya fedha iliyochovywa dhahabu ikilika, inatoa weupe kama huo, na ukanda wetu wa pwani, kuanzia Omani kuja Unguja hadi Lamu, umejaa mapambo mazuri ya zamani ya fedha yaliyopakwa dhahabu. Mtu aliyewahi kuyaona akiona baka jeupe atawaza hivyo hivyo. Tofauti ni jinsi weupe unavyokuja. Dhahabu iliyochovywa hulika taratibu, kwa miaka, na huanza kwenye kingo na kwenye vilima vya nakshi panaposuguana na vitu. Bonde la nakshi hubaki la njano. Zebaki haijali kilima wala bonde. Inakuja ghafla, inaanzia ilipogusa, na mpaka wake unatambaa. Umeyaeleza yote hayo kwenye barua yako, ila hukujua kwamba unaeleza ushahidi.

Lakini maelezo peke yake hayatamtosha mama mdogo, na yasimtoshe. Kuna kipimo ambacho mnaweza kukifanya mezani watu wote wakitazama, hakiharibu kitu, na hata mjomba wa WhatsApp atakielewa. Kifanyeni kwa yule pacha ambaye hana baka. Azima mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu, ile ya wauza manukato au ya sonara. Pima bangili ikiwa kavu, andika. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga bangili kwa uzi mwembamba uizamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, huku umeushika uzi kwa mkono. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili.

Dhahabu ya karati 22 inakuja kati ya 17 na 18. Ya karati 18 huwa karibu na 15. Fedha inacheza kwenye 10 na kitu, na shaba ya njano kwenye 8 na kitu. Hakuna namna fedha ikajifanya 17. Tuseme bangili moja ina tola mbili, yaani gramu 23.3: ikiwa karati 22 mizani itasoma kama 1.3, ikiwa fedha itasoma kama 2.2. Tofauti hiyo anaiona kila mtu. Angalizo moja tu: bangili iwe nzima isiyo na uwazi ndani. Zikiwa za bomba, hewa iliyomo itadanganya hesabu. Umesema ni nene, kwa hiyo ukiigonga kidogo mezani na ikalia kama kitu kitupu, acheni kipimo hiki mwende moja kwa moja kwa sonara.

Kwa sonara mtapata vipimo viwili. Cha kwanza ni cha mababu: anaisugua bangili kwenye jiwe jeusi, inaacha mstari, anautonesha tindikali na kuulinganisha na mstari wa dhahabu anayoijua karati yake. Cha pili ni mashine ya miale ambayo maduka makubwa ya miji sasa wanayo. Inataja kila metali iliyopo usoni na kiasi chake. Hiyo ndiyo ninayotaka ielekezwe kwenye lile baka jeupe, kwa sababu ikiwa ni zebaki itaandika zebaki, kwa jina lake, kwenye karatasi. Mashine hiyo huona juujuu tu, haioni moyo wa bangili, kwa hiyo majibu yake yasomwe pamoja na yale ya maji na ya jiwe.

Na kutokuwa na muhuri kusiwatie shaka. Masonara wa zamani wa pwani walikuwa wakifanya kazi kwa kuaminiana. Mtu anapeleka sarafu zake au bangili iliyovunjika, inayeyushwa, anatengenezewa kitu kipya, na hakuna aliyegonga namba. Mhuri ni desturi ya kwingine.

Sasa ufubavu wenyewe, ambao kwa kweli ndio sehemu rahisi ya barua yako.

Dhahabu safi haishiki kutu wala haisawijiki kwa hewa ya kawaida. Kinachobadilika rangi ni wenzake waliochanganywa nayo, shaba na fedha hasa, kwa sababu dhahabu tupu ni laini mno kuvaliwa. Karati 22 maana yake sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, karibu asilimia 91.6. Karati 18 ni asilimia 75. Karati 9 ni asilimia 37.5 tu. Salfa iliyomo hewani, kwenye jasho, kwenye sufu na kwenye mpira inashikana na ile shaba na fedha na kutoa weusi. Chumvi ya jasho na ya upepo wa bahari inaharakisha mambo. Kwa hiyo bibi, Mungu amrehemu, alivifunga vitu vyake kwa heshima zote ndani ya vitu viwili visivyofaa, sufu na mipira, katika mji wa bahari. Wengi wa rika lake walifanya hivyo.

Jirani yako kuhusu jasho ana robo ya ukweli. Majasho ya watu yanatofautiana chumvi na uchachu, na wapo ambao pete ya karati ndogo huwatia alama nyeusi kidoleni mapema kuliko wengine. Lakini haina uhusiano na damu kali, nyota, wala aliyekulaani. Na mara nyingi ule weusi kwenye ngozi ni poda na vipodozi: vina chembe ngumu zinazokwangua dhahabu, na dhahabu iliyosagika sana huonekana nyeusi.

Kahawia ya bangili zako, kwa karati yoyote ya juu, itakuwa zaidi ni moshi wa udi, mafuta ya nazi na mabaki ya sabuni. Kwa yule pacha asiye na baka, chukua bakuli (usisimame juu ya sinki, vitu vidogo huteleza na havirudi), tia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni laini ya vyombo, loweka kama robo saa, piga kwa mswaki laini wa mtoto, suuza, futa kwa kitambaa cha pamba. Utomvu wa udi ni mkaidi, huenda ukarudia. Ukiona baada ya hapo kuna mstari mweusi umebaki kwenye maungio, hapo ndipo palipolehemiwa, na lehemu huwa ya karati ya chini kuliko bangili. Weusi huo hauna maana yoyote mbaya. Ila kama kuna matengenezo ya zamani ya kijivu, laini, yanayofanana na risasi, mwonyeshe sonara kabla hajaitia moto, maana risasi ikipata joto hula dhahabu.

Ndimu, ukwaju, majivu na dawa ya meno viache kwa masufuria ya shaba. Chembe za dawa ya meno ni ngumu kuliko dhahabu ya karati 22, ndiyo mikwaruzo uliyoiona. Jiki usiifikirie hata kidogo: klorini huingia kwenye maungio na kwenye vishikizo vya mawe na kuvipasua, pete ikaonekana nzima hadi siku jiwe linapodondoka. Wanaofua wakiwa na pete wanalijua hilo, au watalijua.

Sarafu usiiguse. SA ni alama ya tawi la kiwanda cha sarafu cha Kifalme lililokuwa Pretoria, Afrika Kusini, lililogonga pauni hizi za dhahabu kuanzia 1923 hadi 1932. Mfalme mwenye ndevu ni George V, na mpanda farasi ni Mtakatifu George akimuua joka. Ni karati 22, na ikitolewa kwenye fremu yake inapaswa kuwa na gramu 7.98 na upana wa milimita 22.05, feki nyingi hukosea kimojawapo. Vidoa vyekundu ni shaba ambayo haikuchanganyika sawasawa wakati wa kuyeyusha, ikasawijika kivyake. Ni ya kawaida kabisa kwenye sarafu hizi, na wanaokusanya sarafu wanachukia kusuguliwa kuliko vidoa. Na kwa wasomaji wengine, kwa kuwa tumefika hapa: kama kwenu kuna sarafu ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, mwaka 1916 na herufi T, hiyo iligongwa Tabora na Wajerumani wakiwa vitani, na msiipitishe hata kwenye maji ya sabuni kabla ya kumwonyesha mtu anayejua sarafu. Feki zake ni nyingi, ila ya kweli inastahili safari.

Pete iligongwa muhuri Birmingham, Uingereza, ambako alama yao ni nanga, na ni karati 9. Zaidi ya nusu yake si dhahabu, kwa hiyo kusawijika ni haki yake, wala si bandia. Chungulia nyuma ya jiwe. Kama pamezibwa, usiiloweke: mawe ya zamani yaliyozibwa nyuma mara nyingi yamewekewa karatasi inayong'aa chini yake, maji yakiingia jiwe linakufa. Ifute tu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kwa kile kitambaa maalumu cha kung'arishia kinachouzwa na masonara. Mimi ningeuacha weusi ulio ndani ya nakshi. Ndio unaoifanya michoro ionekane, na pete iliyong'arishwa hadi mashimoni inapoteza uso wake.

Herini zenye R.G. ni shaba iliyovikwa ganda la dhahabu, zile walizokuwa wakiziita rolgoldi. Ganda limelika, shaba imejitokeza, ukijani umefuata. Ukizisugua utamaliza dhahabu kidogo iliyobaki. Futa, kausha, na kama bibi harusi anazitaka, sonara anaweza kubadilisha ndoano zikawa za dhahabu kweli na kuzichovya upya. Katika mgao zihesabuni kwa mapenzi, si kwa gramu.

Vijana wa beseni wapishe. Kuna mchanganyiko wa tindikali mbili unaoyeyusha dhahabu, na ujanja wake unajulikana sana kwa masonara: bangili inachovywa mbele yako, inatoka inameremeta kweli, imepungua gramu kadhaa, na dhahabu yako imebaki ndani ya beseni linaloondoka na baiskeli. Sisemi kila mwenye beseni ni mwizi. Nasema huna njia ya kumtofautisha. Hata kwa sonara wa duka, pimeni gramu kabla na baada, ziandikwe kwenye risiti, na omba kazi ya mkono kabla ya mashine, kwani kila mara mashine inapopita inachukua kidogo.

Mkishamaliza, kila kitu kwenye kitambaa chake cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kufunga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kabati la udi libaki la nguo. Na siku ya harusi mwambie mdogo wako apake mafuta, ajifukize, ajipulizie anachotaka, ndipo avae dhahabu, mwisho kabisa.

Kuhusu jina lako: usijibu kwenye kundi. Ukibishana pale utaonekana una la kuficha na maneno yatabaki yameandikwa hata mkipatana. Mpigie mama mdogo simu, au bora uende kwake, umsalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia, umwambie: "Mama, una haki ya kuuliza, hii ni amana yetu sote. Twende tukaipime." Mwambie na mama yako aje, huenda ananyamaza kwa sababu naye haelewi lile baka na anaogopa kuuliza. Pigeni picha kila kitu, andikeni uzito wa kila kimoja, kila mmoja atie saini, karatasi ikae na mjomba ambaye hana hisa kwenye kopo.

Na sonara achaguliwe na mama mdogo, si na wewe. Nauli yake ulipe wewe.